Fainali Ambayo Roki Sasaki Hakurusha

Tangu bega lilipomweka nje Roki Sasaki, mrushaji wa besiboli kutoka Japani, mwezi Mei 2025, katika msimu wake wa kwanza na Los Angeles Dodgers ya Marekani, lawama za zamani dhidi ya kocha wake wa sekondari zimepata nguvu mpya. Tarehe 25 Julai 2019, shule ya Ofunato ilicheza fainali ya mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani, ikiwania tiketi ya Koshien, mashindano ya kitaifa ya besiboli ya shule za sekondari. Kocha Yohei Kokubo alimweka benchi Sasaki, kijana aliyekwisha kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 163 kwa saa, na Ofunato ikafungwa 12–2 na Hanamaki Higashi. Simu za malalamiko zilimiminika shuleni.

Wanaomlaumu Kokubo hawasemi ovyo. Sasaki, ambaye tsunami ya 2011 ilimchukua baba yake pamoja na babu na bibi, aliziacha shule zenye majina ili acheze na vijana aliokua nao, na Ofunato haikuwa imeiona Koshien tangu 1984. Siku hiyo hakuingizwa hata kama mpigaji, ilhali kupiga alikuweza vizuri, na hapo utetezi wa kocha huwa dhaifu.

Lakini tuhesabu mipira. Tarehe 21 Julai Sasaki alirusha 194 katika awamu 12 (mchezo wa kawaida huwa na tisa), kisha akapiga mwenyewe pigo lililoamua mchezo. Tarehe 24, katika nusu fainali, alirusha 129 bila kupokewa na mtu. Hiyo ni mipira 323 ndani ya siku nne, katikati ya kiangazi, kutoka mkono wa mtoto wa miaka 17 ambaye mwili wake ulikuwa bado unakua, na fainali ilikuwa kesho yake tu. Kokubo analaumiwa pia kwa kutomuuliza mchezaji mwenyewe. Sasaki alikiri baadaye kwamba alitaka kurusha, na ni mchezaji gani wa umri ule, mbele ya wenzake wanaomtegemea, angejibu kwamba hawezi? Kuuliza kungekuwa kumtwika kijana uamuzi ambao mtu mzima alipaswa kuubeba, na Kokubo aliubeba hadharani.

Wapinzani wake humtaja Daisuke Matsuzaka, aliyerusha mipira 250 katika robo fainali ya Koshien mwaka 1998 na siku mbili baadaye akashinda fainali bila kuruhusu pigo hata moja salama. Matsuzaka alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2011, ingawa miaka mitatu kabla yake alikuwa ameshinda michezo 18 Marekani. Mfano huo, kwa haki, hauwafai sana wa upande wowote.

Hoja inayorudiwa zaidi sasa ni kwamba Sasaki alitunzwa kama yai na bado akaumia. Chiba Lotte Marines, klabu yake ya kulipwa nchini Japani, hawakumchezesha mechi hata moja mwaka 2020. Aprili 2022, wiki moja baada ya Sasaki kuwatoa kwa straiki tatu, yaani kwa mipira iliyowashinda kuipiga, wapigaji 19, kati yao 13 mfululizo, katika mchezo ambao hakuna mpinzani aliyefika kituoni, walimwondoa uwanjani akiwa amekamilisha awamu nane zisizo na dosari. Hakuwahi kufikisha awamu 130 kwa msimu mmoja Japani. Haya huchukuliwa kama ushahidi dhidi ya Kokubo, wakati yanasema kinyume chake: mwili uliochoka akiwa mtu mzima, chini ya uangalizi wa klabu ya kulipwa, ndio huohuo uliotakiwa uongeze mipira mingine juu ya ile 323.

Mwaka 2020 shirikisho la besiboli ya sekondari la Japani lilianza kutumia kikomo cha mipira 500 kwa wiki kwa kila mrushaji. Kwa hesabu ya siku zile nne, kanuni hiyo ingemwachia Sasaki zaidi ya mipira 100 ya kurusha siku ya fainali, na uamuzi ungebaki palepale ulipokuwa, mikononi mwa kocha.