Padi Iliyowaamkia Wazee

Nimeamka nikakuta ujumbe wa sauti wa shemeji yangu mtarajiwa, anaposimulia kikao chetu cha mahari, umezunguka hadi kwa watu nisiowajua. Jamani, katika toleo lake mimi nilizirai. Sikuzirai. Nilikaa chini. Tofauti ni kubwa na mtaiona huko mbele, kwa hiyo acheni kunitumia hizo stika za ng'ombe, niwaeleze ilivyokuwa.

Mnaonifuata mnaijua kazi yangu hapa Migosi, Kisumu. Ukinunua mashine ya michezo, yaani PlayStation (PS4 au PS5) au Xbox, mimi ndiye ninayekuja kukuwekea programu za filamu na muziki, nakupangia akaunti, nakunywea chai, naondoka. Ninyi wenyewe ndio mlioniita "daktari wa PS". Hilo jina naomba tulipumzishe kidogo.

Siku hiyo wazee wa kwetu walikuwa wanakuja kwangu kufanya kikao kabla ya safari ya Kakamega, safari ya mahari. Kuku walikuwa bado wanabishana na sufuria, na wazee wakikaa na njaa bila kitu cha kutazama huanza kuuliza maswali kuhusu maisha yako. Kwa hiyo televisheni ilibidi ifanye kazi, na hapo ndipo mimi huwa najiona mtu.

Maana kuchagua programu za sebuleni si kushusha kila ikoni unayoiona. Mpwa wangu, anayeishi kwangu akisoma, alikuwa ameijaza PS5 takataka. Iko hivi: Kenya haimo katika orodha ya nchi unazoweza kuchagua ukifungua akaunti ya PlayStation, kwa hiyo kila mtu anajifanya wa kwingine. Wengi wanachagua Marekani kwa sababu binamu fulani aliwaambia huko ndiko kuna vitu vingi. Vitu ni vingi kweli, dukani. Duka linaangalia nchi ya akaunti yako, lakini programu yenyewe inaangalia intaneti yako inatokea wapi. Unashusha Peacock, ile programu ya filamu ya Wamarekani, vizuri, unaifungua kwa madaha, inakuambia haifanyi kazi ulipo. Aliyejiandikisha Uingereza yanamkuta yaleyale na BBC iPlayer, programu ya televisheni ya BBC. Na nchi ukishaichagua haibadilishwi. Ukitaka nyingine unafungua akaunti mpya, na michezo uliyonunua inabaki kwa yule Mmarekani wako wa zamani.

Nikafuta zote, nikabakisha YouTube, Netflix na Spotify. Kwa sebule nyingi za Kisumu hizo tatu zinatosha, na atakayebisha aje na bando lake.

Spotify kazi yake ni moja: inapiga muziki nyuma ya mchezo, unafunga mabao huku ngoma inaenda. Netflix nayo ina mtego ambao nimeutegua katika nyumba nyingi. Mtu analipia kile kifurushi cha bei ya chini kabisa, cha simu, halafu ananipigia akilia kwamba PS5 yake ni mbovu. Si mbovu. Kifurushi cha simu ni cha simu na tableti. Televisheni haikifungui, na PS5 nayo inahesabiwa upande wa televisheni. Wapo hata wanaokumbuka ile Netflix ya bure iliyokuja Kenya mwaka 2021 na kuondolewa 2023. Ile ilikuwa ya simu za Android peke yake, ndugu zangu, msiingoje.

Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD, ile safi, inaweza kula GB 3 kwa saa, na ya 4K, iliyo safi zaidi, GB 7. Baba Mkubwa wangu husinzia mbele ya televisheni kama amelipwa. Mwache mbele ya filamu ya 4K ya saa mbili, amekoroma GB 14. Ndiyo maana huwa napunguza ubora. Haupunguziwi kwenye PS5 yenyewe. Unaingia kwenye akaunti ya Netflix kwa kivinjari cha simu, unachagua profaili, unashusha matumizi ya data hadi kati. Wazee hawaoni tofauti. Wengi wao hata miwani hawajavaa.

Lakini kwa wageni wa rika hilo, Netflix ni mapambo tu. Mfalme ni YouTube. Haina malipo, vituo vyetu vinarusha habari moja kwa moja humo, muziki wetu wa ohangla upo, kwaya zipo, na mazishi ya watu mashuhuri yapo kuanzia maiti kutoka mochari mpaka mchanga wa mwisho. Tena huhitaji padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea: simu na PS5 zikiwa kwenye waifai moja, unabonyeza ile alama ya kurusha video, unaendesha kila kitu kutoka kwenye kochi. Nikaiweka pia itumike kama mgeni, bila akaunti yangu, ili yale mapendekezo ya video ninazotazama usiku yasijitokeze mbele ya Baba Mkubwa. Cheka, lakini nenda kaangalie ukurasa wako wa kwanza wa YouTube kabla hujanicheka.

Umeona nilivyojipanga? Nilificha historia. Nilihesabu bando. Nilifuta hata vumbi kwenye waya wa HDMI.

Sasa mpwa. Huyu kijana tangu mchana alikuwa anacheza FIFA (najua jina lilibadilika mwaka 2023, lakini mtu gani Kondele analisema hilo jipya?) na alikuwa anacheza na shemeji yangu mtarajiwa, kaka wa mchumba wangu, aliyeko kwao Kakamega. Walikuwa kwenye pati, ile ya kuongea huku mnacheza. Wazee walipobisha hodi nikamwambia, "Toa huo mpira, weka YouTube." Akabonyeza kitufe cha PS, akahama upande wa michezo akaenda upande wa filamu, akafungua YouTube, akaamkia wazee, akaingia jikoni. Mtoto mtiifu kabisa.

Ila kwenye PS5 kuhama kutoka kwenye mchezo hakukutoi kwenye pati. Mchezo unabaki nyuma, YouTube inakuja mbele, na mazungumzo yanaendelea mpaka mtu achague mwenyewe kutoka. Na padi ya PS5 ina maikrofoni ndani yake. Ile ya PS4 haikuwa nayo. Ilikuwa na spika ndogo na tundu la hedifoni, basi. Hii ya sasa ina vyote viwili, spika na masikio. Padi yenyewe ilikuwa mezani, katikati ya sahani za njugu, imechomekwa chaji. Katika mipangilio ya kuokoa umeme unaweza kuiambia ijizime baada ya dakika 10, 30 au 60. Yangu niliiweka isizime kamwe, kwa sababu inachosha kuiwasha kila mara katikati ya filamu.

Habari ziliisha, mshenga akasema, "Zima hiyo, tuongee." Nikaisimamisha kwa simu, kwa mkogo. Sebule ikatulia tuli.

Mnisikilize hapa. Kama tungeongea Kiluo, leo ningekuwa na amani. Lakini mshenga wetu ni mtu wa Butere, Kiluo chake ni cha kununulia samaki, kwa hiyo kikao kizima kikaenda kwa Kiswahili sanifu, kila neno limenyooka, kama tunasoma taarifa ya habari.

Baba Mkubwa akafungua. "Tunaanza na ng'ombe wanne na elfu sitini. Wakikataa, tunasikitika kidogo, tunapanda hadi sita na laki moja. Mwisho wetu ni ng'ombe wanane na laki moja na nusu. Hapo hatupiti hata wakilia."

Baba Mdogo akaongeza, "Na tuseme kijana hana kazi ya maana. Anazungukia nyumba za watu akiwasha michezo ya watoto."

Nilitaka kujitetea, lakini ni kweli ilikuwa mbinu nzuri.

Mshenga akauliza kuhusu mama mkwe. Na mimi, badala ya kunyamaza kama bwana harusi mtarajiwa mwenye adabu, nikajibu. Nilisema, na shemeji hapa hakuongeza chumvi hata punje, "Yule mama ni mkali, lakini si wa kuogopwa. Ukimpelekea sukari na blanketi anatulia."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Kisha sauti ikauliza, kwa upole kabisa:

"Sukari kilo ngapi?"

Baba Mkubwa, ambaye hata kichwa hakuinua, akajibu, "Kilo kumi zinatosha."

"Weka ishirini."

"Ishirini ni nyingi," akasema Baba Mkubwa, na sasa akamgeukia Baba Mdogo kwa hasira. Baba Mdogo akamtazama mshenga. Mshenga akanitazama mimi. Mimi nikatazama sahani ya njugu.

Pale kwenye padi, chini ya kitufe cha PS, kuna kitufe kidogo cha kuzima maikrofoni. Kikiwaka rangi ya chungwa, maikrofoni imezimwa. Hakikuwa kinawaka rangi yoyote. Nilikitazama kwa muda mrefu sana. Niliiona njugu moja imekwama kando yake. Nilisikia jikoni mwiko ukigonga sufuria. Nilifikiria kila ng'ombe kwa jina lake.

Nikanyoosha mkono taratibu, kama mtu anayetaka njugu, nikabonyeza. Chungwa ikawaka. Nikapumua.

"Mbona mmenyamaza?" ikauliza padi. "Wazee, shikamooni."

Na wazee wawili, kwa mazoea ya umri wao, wakaiitikia padi: "Marahaba."

Daktari wa PS alisahau nini? Ukikibonyeza kile kitufe mara moja, unaifunga maikrofoni yako tu. Unaacha kusikika; hujaacha kusikia. Ukitaka kuzima na sauti zinazoingia, unakibonyeza na kukishikilia. Nimewaeleza wateja jambo hilo mara nyingi, tena kwa kujigamba. Wakati ule kidole changu hakikukumbuka lolote. Nikachomoa waya wa chaji. Padi ina betri yake, ikaendelea.

"Shem, na ile ya mama nimeisikia. Mkali, eti?"

Baba Mdogo akasimama. "Huyo ni nani? Yuko wapi?" Akachungulia nyuma ya pazia.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo shemeji analiita kuzirai. Niliichukua padi nikaiweka kwenye kochi nikaikalia. Nia yangu ilikuwa njema. Lakini spika haikuziba, ilififia tu, kwa hiyo sasa sauti ya shemeji ikawa inatokea chini yangu, nzito kidogo, ikisema, "Wazee, karibuni sana Kakamega, mama anawasubiri." Halafu nikawa nimekalia na vitufe, YouTube ikaamka upya, na mtangazaji akaendelea na bei ya mahindi kwa sauti kubwa mno. Mpwa akatoka jikoni na bakuli la kuku, akatazama televisheni, akanitazama nilivyokaa, akasema, "Anko, umeikalia pati."

Alitutoa yeye. Kitufe cha PS, kadi ya mazungumzo ya sauti, toka. Kazi ya kupepesa jicho.

Mengine hayana urefu. Kuku waliliwa kimyakimya. Baba Mkubwa alikataa kukaa upande wa meza ulio na padi. Tulipofika Kakamega msemaji wao alisimama akasema hawana haja ya kutuchosha na ng'ombe wanne, tuanzie pale wanane na laki moja na nusu kisha tuone mbele kuna nini. Mbele kulikuwa na wawili zaidi. Mama mkwe alipokea blanketi, akapima mfuko wa sukari kwa mkono, akamwangalia mwanawe, na mwanawe akaitikia kwa kichwa. Mchumba wangu bado anacheka. Tarehe ipo, mtaarifiwa.

Sasa wale mnaouliza kwenye inboksi. Ndiyo, inawezekana PS5 iwake maikrofoni ikiwa imefungwa tayari: ingia Mipangilio, Sauti, Maikrofoni, utaona hali ya maikrofoni unapoingia kwenye akaunti, iweke ifungwe. Ndugu wa Nakuru aliyetaka kujua kasi ya intaneti: Netflix wanashauri Mbps 5 kwa picha ya 1080p na Mbps 15 kwa 4K, kwa hiyo kifurushi chako cha nyumbani kikifika hapo kinatosha, usidanganywe upandishe. Na yule aliyeniuliza kama naweza kwenda kumwekea programu wiki hii kwa sababu wakwe zake wanakuja: naweza, lakini bei imepanda. Nina ng'ombe wawili wa kulipa ambao hawakuwa kwenye hesabu.