Injini Haiuawi na Kuoshwa, Inauawa na Presha

Kaa nusu saa tu kwenye gereji yoyote ya Nyakato, utasikia onyo hili: "Kaka, osha gari unavyotaka, ila maji yasiingie kwenye boneti." Shuka sasa upande wa ziwa, kwa vijana wanaoosha magari, uambiwe kinyume chake: "Bosi, tupige na injini? Itang'aa kama mpya." Huyu hataki hata tone, yule anataka kumwaga pipa zima. Madereva wengi hapa Mwanza wamemsikiliza fundi, na siwashangai, kwa kuwa yeye ndiye anayeletewa magari yaliyoharibika. Lakini kuosha injini kumebebeshwa kosa ambalo si lake, na tunaoendesha magari ya zamani ndio tunaoumia.

Fundi hasemi uongo. Kwenye injini kama ya Toyota IST plagi zimesimama katikati, kila moja chini ya kishimo chake, na koili, inayoipa plagi umeme wa cheche, imekaa juu yake kama kizibo. Mpira wa koili ukishazeeka, maji ya presha yanapenya na kutuama mle chini. Gari linawaka vizuri, unaondoka umefurahi. Langu, lililooshwa kwa presha, lilianza kumisi, yaani kuwaka kwa kukosakosa, nikiwa nimeshapita Mkolani naelekea Buhongwa: linatetemeka, halina nguvu, taa ya cheki injini inawaka na kuzima. Fundi alichomoa koili ya tatu, akamulika kwa simu. Mle ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai, yamefunika shingo ya plagi. Akayanyonya kwa kitambaa alichokizungushia bisibisi, akapuliza kwa kompresa, akarudisha koili. Gari likatulia. Kisha akaniambia, "Umeona sasa? Injini haiogi."

Hapo ndipo tulipoachana, yeye na mimi.

Fikiria msukumo wa maji yale. Kadiri unavyozama ndivyo maji yanavyokukandamiza zaidi. Ziwa Victoria, mahali penye kina kirefu kabisa, lina takribani mita 80. Mashine ya presha, hata ile ndogo, inatoa maji kwenye mdomo wa bomba kwa msukumo ulio sawa na wa kina cha mita 1,000 na zaidi. Ni zaidi ya mara 12 ya msukumo wa chini kabisa ya ziwa letu. Sasa nenda kwenye soketi za nyaya na sensa. Nyingi za zile zinazosemwa haziingizi maji zimetengenezwa kwa kipimo cha kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Mita moja! Tunaichukua soketi iliyopimwa kwa kina cha karai kubwa, tunaipiga kwa msukumo mara elfu moja ya huo, halafu ikishindwa tunasema maji yameua injini. Ni kweli maji yakishatoka bombani nguvu yake inapungua haraka, na ukisimama mbali si yale tena. Ila nani anasimama mbali? Grisi ikigoma, kijana anausogeza mdomo wa bomba hadi umebakiza shibiri moja tu kufika kwenye koili. Kisha gari lenyewe limetoka barabarani muda huohuo, injini bado inachoma. Maji baridi yakiangukia ekzosi ya moto au sensa ya oksijeni, ambayo ndani yake ni kauri, nyufa si jambo la ajabu.

Alichokiona fundi ni kazi ya presha na moto. Ndoo na brashi hajapata kuviona vikiharibu kitu.

Nao uchafu unaoachwa kwenye injini una gharama yake, ila haiji siku moja kama gari kumisi, kwa hiyo haina mlalamikaji. Vumbi la barabara za milimani huku kwetu likikutana na oili inayovuja linakuwa gamba jeusi. Chini ya gamba hilo huoni kama ni gesketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, inayovuja au ni sili nyingine. Huoni mpira wa rejeta ulioanza kupasuka, wala waya ulioguguniwa na panya. Oili inayodondokea ekzosi kwanza inanuka, kisha inafuka moshi, na mbele ya moshi kila mtu anajua kuna nini. Sisi wa ufukweni tunaongeza na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi: wanajaa kwenye mapezi ya rejeta, upepo haupiti, gari linachemka ukipandisha kilima cha Bugando. Kwa kutii agizo la kutogusa, mtu anaweza kuishi na rejeta iliyoziba mwaka mzima.

Mimi sasa naosha asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na injini ni ya baridi. Nachomoa kichwa hasi cha betri. Nafunika kwa nailoni alteneta, boksi la fyuzi, mdomo wa kuvutia hewa na koili zote. Grisi nene naikwangua kwanza kwa kijiti na matambara makavu, ndipo naingia na sabuni ya kuyeyusha mafuta, brashi na mswaki wa zamani kwenye kona. Nasuuza kwa kitambaa kilicholowa na maji ya kopo, si bomba. Rejeta naimwagia taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje, wadudu watoke walikoingilia. Kisha boneti inabaki wazi juani kwa muda wa saa mbili au tatu. Petroli haikanyagi hapo kamwe. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu, asubuhi au mchana. Dizeli na mafuta ya taa yanaonekana nafuu, lakini yanavimbisha mipira na kuacha utando unaonasa vumbi upya.

Ipo hoja moja dhidi ya kuosha ambayo ina uzito kuliko zote, na mafundi hawaisemi: maji yale yanakwenda wapi? Yakimwagwa kando ya Mto Mirongo au ufukweni yanaingia ziwani na oili yake, na jiji hili linakunywa maji ya ziwa hilohilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji shughuli zinazoweza kuuharibu ukingo huo. Hoja hii naikubali yote, na ndiyo inayonifanya nishikilie kopo. Oili iliyokwisha kufutwa kwa tambara haitiririki, na lita tano za kusuuzia zinadakwa na karai chini ya injini. Presha ndiyo inayoigeuza grisi ya kilo moja kuwa mfereji.

Kuna magari ambayo hata mimi ningesema yafutwe kwa kitambaa tu. Lile lenye nyaya zilizoungwaungwa kwa solotepu, lile la alamu iliyofungwa mtaani, na lile ambalo soketi zake ukizigusa zinavunjika kama ganda la yai. Hapo fundi yuko sahihi kabisa.

Jumamosi iliyopita, nilipomaliza kufuta, niliona kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu ninunue gari: uzi mwembamba wa oili mbichi, rangi ya asali, unashuka kutoka pembeni mwa tapeti kava kuelekea ekzosi. Nikampelekea fundi yuleyule. Aliinama, akapitisha kidole, akakinusa, akaitazama injini nzima kwa muda. Hakuniuliza nani ameiosha. Aliniambia nimwachie gari, gesketi itakuwa tayari saa kumi.