Tumaini ambalo halisubirii mambo yanyooke

Ukimuuliza mtu hapa mtaani ana matumaini gani atakutajia kitu. Kazi, ada ya mtoto, kiwanja, mchumba, viza, majibu ya hospitali. Na wala sio vibaya, Bwana mwenyewe katufundisha kuomba mkate wa kila siku. Ila nimeangalia watu wengi jamani, wenye nazo na wasio nazo, kile kitu kikija furaha yake haichukui muda anaanza kuhangaikia kingine, na kisipokuja ndo anasema Mungu kamtupa. Yaani tumaini lote limefungwa kwenye kitu kimoja, kikiyumba na yeye anayumba.

Mi msimamo wangu ni huu: Mkatoliki ana tumaini la aina nyingine kabisa na tumeliacha kabatini. Msingi wake ni kwamba kuna anayekupenda na anakungoja, leo na siku ya kufa kwako, mambo yanyooke yasinyooke.

Najua kuna mtu atasema hayo ni maneno ya kanisani tu, mwenye njaa hayamsaidii. Basi ngoja nimlete mtu ambaye hakuna kati yetu anayeweza kumwambia hajui shida. Mtakatifu Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, kama mwaka 1869, akatekwa na wafanyabiashara ya watumwa akiwa mtoto mdogo, akateseka mpaka jina alilopewa na wazazi wake likamtoka kichwani. Aliuzwa mara tano. Katika nyumba mojawapo alichapwa kila siku mpaka damu, na alibaki na makovu 144 mwilini maisha yake yote. Mwaka 1882 akanunuliwa na balozi mdogo wa Italia, baadaye akafika Italia, na kule ndo akasikia habari za Bwana mwingine tofauti na mabwana wote aliowahi kuwa nao, Bwana ambaye naye alichapwa mijeledi. Fikiria mtu mwenye mgongo ule anasikia hivyo kwa mara ya kwanza! Akabatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaingia utawa kwa masista Wakanosa, na miaka mingi ya maisha yake kule Schio, Italia, ilipita kwenye kupika, kushona na kufungua mlango wa konventi. Alifariki 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000.

Papa Benedikto XVI alipoandika waraka wake kuhusu tumaini mwaka 2007, mfano wa kwanza kabisa aliouweka ni huyu dada yetu Mwafrika. Anaeleza kwamba Bakhita alikuja kujua anapendwa moja kwa moja, na lolote litakalompata anangojewa na upendo huo, kwa hiyo maisha yake ni mema. Makovu hayakufutika, alizeeka nayo, akaugua, akaishia kwenye kiti cha magurudumu, na bado anasema maisha yake ni mema. Hapo mi ndo huwa nanyamaza. Na sisi wa huku Tanzania habari hii inatugusa karibu sana, manake mwaka 1868, mwaka mmoja tu kabla ya kuzaliwa Bakhita, mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, mji ambao misafara ya watumwa ilikuwa inaishia, wakaanzisha pale kijiji cha waliokombolewa. Imani tuliyonayo bara ilianzia kwa watu waliokuwa wametoka kwenye minyororo.

Sasa linganisha na tumaini linalouzwa siku hizi na wahubiri wa miujiza. Mafuta, maji, stika za kubandika kwenye gari, panda mbegu ya sadaka uvune gari. Na Wakatoliki wako wengi tu huko, jumatano wanaenda kule jumapili wanarudi misa ya kwanza kama kawaida. Siwalaumu, mtu mwenye mtoto mgonjwa atagonga kila mlango. Ninachosikitika ni kwamba sisi wenyewe tuna Mpako wa Wagonjwa, mafuta yaliyobarikiwa na askofu, padri anakufuata mpaka kitandani, anakupaka kwenye paji la uso na viganja, hulipi hata senti, na familia inaogopa kumuita kwa sababu wanadhani padri akija ndo mgonjwa anakufa! Sio kweli kabisa. Ni sakramenti ya wagonjwa, mwite mapema. Na mapadre na viongozi wetu nao, kwa heshima zote, matangazo ya michango yakiwa marefu kuliko mahubiri mnataka mtu akale wapi tumaini?

Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani sisi majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, kuna mama mmoja ana kisukari, mguu mmoja walishamkata. Zamu yake ya kutupokea nyumbani ikifika hataki kurukwa. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani, mezani kitambaa cheupe cha kufuma, msalaba, mshumaa umechomekwa kwenye glasi ya mchanga, saa 12 na nusu asubuhi rozari inaanza na yeye ndo anaongoza. Siku hiyo tulisoma injili ya kipofu Bartimayo, pale anapopiga kelele njiani na watu wanamwambia anyamaze. Ikafika muda wa kushirikishana, kila mtu anangoja mama aombe muujiza wake. Akasema, "Mimi kilichonishika ni kwamba Yesu alisimama. Barabara imejaa watu, ana safari zake, akasimama. Na kwangu alishasimama, najua." Halafu hapo hapo akauliza wiki hii zamu ya nani kumpelekea uji yule mzee wa nyumba ya bati jipya, manake amesikia tangu jumatano hajapelekewa. Sijui kama nimewahi kusikia mahubiri yaliyonizidi yale. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliposema mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele nadhani walikuwa wanawaza watu kama huyu mama, sio daftari la mahudhurio la kumnyima mtu huduma.

Na angalia sala zetu zilivyo za kweli. Salamu Malkia tunamuita Mama "uzima, tulizo na matumaini yetu", sentensi inayofuata tuko ugenini, tunalalamika na kuhuzunika "bondeni huku kwenye machozi". Machozi na matumaini kwenye sala moja, hakuna aliyeambiwa afute machozi kwanza ndo aje. Na ile sala ya matumaini tuliyokaririshwa na katekista tukiwa watoto, tunaomba neema duniani na utukufu mbinguni, kisha tunatoa sababu, "kwani ndiwe uliyeagana hayo nasi, nawe mwamini", yaani mwaminifu. Sababu ni agano lake, wala sio hali yangu ya leo.

Kardinali François-Xavier Nguyen Van Thuan wa Vietnam alifungwa 1975 akiwa askofu, akakaa ndani miaka 13, miaka 9 kati ya hiyo akiwa peke yake. Wakristo walimpelekea divai kidogo kwenye chupa iliyoandikwa dawa ya tumbo, akawa anaadhimisha misa kwenye kiganja, matone matatu ya divai na tone moja la maji. Kiganja kikawa altare. Sisi misa ziko tatu kila jumapili na tunachelewa mpaka injili imepita, tunaondoka kabla ya baraka. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kile alichokuwa anakipata yule kwenye kiganja ndo kile kile tunachopewa sisi, hakijapungua hata tone.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama unajisikia mtupu na una kila kitu, au unajisikia mtupu kwa sababu huna kitu, usianze na mambo makubwa. Rudi jumuiyani hata kama ulishaacha, watakushangaa wiki ya kwanza tu halafu watakupa somo la pili usome. Ingia kanisani siku ya kuabudu Ekaristi, kaa kimya, usiombe chochote. Na kama una miaka hujaungama, ulizia ratiba ya kitubio parokiani kwako, wengi wanakaa jumamosi jioni. Sala ya kutubu ikikutoka kichwani mwambie padri nimesahau, atakuongoza neno kwa neno.