Usiulize Kama Nyumbani Kuna Mlemavu

Agosti 2019 karani wa sensa ya Kenya alipofika kwetu, nilikuwa nimeketi barazani na nyanya yangu. Mambo yalikwenda vizuri hadi kwenye kipengele cha ulemavu. Karani akainua macho kutoka kwenye kishikwambi, akamwambia baba: "Hapa hakuna mlemavu, sivyo?" Baba akajibu hakuna. Nyanya wakati huo hakumtambua mtu mpaka asikie sauti yake, na msalani alipelekwa kwa kushikwa mkono. Nilipomwuliza baadaye mbona alinyamaza, akanijibu: "Mimi si mlemavu, mjukuu wangu. Huu ni uzee."

Basi taifa likamwandika kuwa anaona.

Karani alikuwa amechoka, namwelewa. Lakini hakuuliza swali alilopewa. Maswali ya sensa ile yalitokana na Washington Group, kundi la wanatakwimu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, na neno "ulemavu" waliliepuka kwa makusudi. Wanauliza: unapata ugumu kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka? Kuoga na kuvaa? Kuelewana na watu? Unachagua: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Nyanya angesema "ugumu mkubwa" papo hapo, maana kukiri kwamba macho yamechoka si aibu kwake. Kuitwa mlemavu ndiko kulikomchoma.

Sensa ile ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Ile ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5. Maswali yalibadilika, na safari hii walihesabiwa wenye ugumu mkubwa au wasioweza kabisa. Tanzania nayo, katika sensa ya 2022, ilipata asilimia 11.2 ya wenye miaka 7 na zaidi. Watu wa Namanga, mji wa mpakani, upande huu na ule hawapishani hivyo kimaumbile. Naona kinachopishana ni namna ya kuuliza na mahali mstari ulipochorwa.

Na nambari hiyo ndiyo afisa wa mipango anayoishika anapokadiria viti vya magurudumu, walimu wa lugha ya ishara, au kaya za kuingizwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wasiojiweza kwa fedha, ili zipate zile shilingi 2,000 kwa mwezi. Asiyehesabiwa hatengewi.

Kwa hiyo sensa ijayo, swali lisomwe neno kwa neno, na aulizwe mwenyewe, si mkuu wa kaya. Karani afundishwe siku nzima juu ya maswali haya sita tu, akiketi na watu wenye ulemavu wakimsahihisha. Watoto wa chini ya miaka 5, walioachwa nje, wana maswali yao yaliyotolewa na kundi hilo pamoja na UNICEF mwaka 2016. Yanaanzia miaka 2, na anayejibu ni mama au mlezi. Yatumiwe, hata kama ni kwenye utafiti wa kaya chache, na mama aulizwe faraghani, majirani wakiwa mbali.