Chema Kilichofungiwa Kabatini Hakijiuzi

Mwaka juzi nilikuwa napita Chumbageni, nje ya ofisi moja iliyo mwendo wa dakika saba kwa miguu kutoka kwangu, nikaona getini pamebandikwa mabango mapya ya usalama kazini, yote kwa Kiswahili. Nikasimama kuyasoma. Ndiyo kazi yangu hiyo: nafasiri Kiingereza na Kiswahili, na nyaraka za usalama kazini ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu neno likikosewa pale mtu anaweza kupoteza mkono.

Wiki chache baadaye nikakutana na mfanyakazi wa ofisi ile kwenye shughuli ya jirani. Nikamuuliza nani aliwafasiria. Mtu wa Nairobi, akasema. "Tulitafuta LinkedIn, ule mtandao wa kutafutia kazi na watu wa kazi, tukaandika mfasiri kwa Kiingereza, tukaandika Tanga. Hakutokea mtu."

Kazi ya yule wa Nairobi ilikuwa safi, sina neno nayo. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na akaunti LinkedIn tangu 2017. Usiku ule nikaifungua na kuisoma kama mgeni. Chini ya jina langu palikuwa na maneno haya: mtaalamu wa lugha na mawasiliano, mchapakazi, mwaminifu. Neno mfasiri halikuwepo popote. Mahali nilipojaza ninapoishi, niliandika Dar es Salaam, kwa kuwa nilidhani Tanga itanipunguzia hadhi. Kwa hiyo watu wa mtaani kwangu walinitafuta kwa kazi yangu na kwa mji wangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevificha vyote viwili.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi wa Tanga tumeishika methali hiyo barabara. Ukijieleza mno utaambiwa unajigamba. Mtu ana ujuzi wa miaka 20, akiulizwa anafanya nini anajibu, "Tunahangaika tu." Nimelelewa hivyo na malezi yale nayaheshimu. Lakini naamini methali ile tunaibebesha mzigo usio wake. Chema kinajiuza kikiwa mahali mnunuzi anapopita. Kikiwa kabatini hakimuuzii mtu, hata kingekuwa chema namna gani.

Pale Ngamiani, Barabara ya 12, kuna mzee fundi baiskeli anayekaa chini ya mwarobaini. Hana kibao wala jina la duka. Ametundika ringi mbili tupu kwenye tawi, na kwenye shina ameegemeza baiskeli aliyokwisha kuimaliza: mnyororo unang'aa kwa mafuta, spoku zimekazwa sawasawa, ukizipitishia kidole zinalia mlio mmoja. Mwenye pancha akiziona zile ringi kutoka kona ya mbali anajua pa kwenda. Akifika akaiona ile baiskeli, anajua kazi ya pale ikoje. Na yule mzee hajajisifu hata kwa neno moja.

Tangu siku ile ndivyo ninavyoitazama profaili, yaani ukurasa wa mtu LinkedIn. Kwanza ringi mtini, halafu baiskeli iliyokamilika.

Ringi ni yale maneno yanayokaa chini ya jina lako. LinkedIn inakupa nafasi ya herufi 220, na ndiyo sehemu ninayoona watu wanaichezea vibaya kuliko nyingine yoyote. Mtu akitafuta, kabla hajafungua ukurasa wako anaona picha, jina, maneno yale na mahali ulipo, basi. Hapo hapo anaamua aingie au apite. Wengi wetu nafasi hiyo tunaijaza tabia njema. Uaminifu na bidii ni mambo mazuri, ila hakuna anayeyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtu anaandika kazi anayotaka ifanywe.

Juzi Jumamosi mtoto wa kaka yangu alikuja na simu yake mkononi.

"Shikamoo shangazi. Nimeambiwa haya mambo ya LinkedIn unayajua."

"Marahaba. Hebu lete tuone."

Alikuwa ameandika: kijana mwenye ndoto kubwa, natafuta nafasi. Nikamuuliza, mwanangu, wewe unafanya kazi gani? Nachomelea, shangazi. Unachomelea nini, mageti? Hapana, mabomba. Nikamwambia anieleze vizuri, na hapo uso wake ukabadilika. Akaichukua chupa ya chai, akaishika kwa mshazari juu ya meza. "Bomba linafungwa hivi, nyuzi 45, na haliruhusiwi kuzungushwa. Wewe ndiye unayelizunguka. Kwa chini unachomelea ukiangalia juu, cheche zinakushukia, ubavuni unajipinda, kwa juu unainama, na mshono wote uwe mmoja. Hiyo ndiyo 6G. Ukiiweza hiyo, mikao mingine mingi ya kuchomelea huna tena haja ya kupimwa."

Mtihani huo aliufanya akafaulu. Cheti kilikuwa ndani ya faili la nailoni, chini ya godoro; nikamtuma akakilete. Kwenye LinkedIn hapakuwa na 6G, wala TIG, yaani kuchomelea kwa umeme na gesi ya kukinga, wala neno bomba. Na huyu ni kijana wa Tanga, mji ambao bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani! Mwenye shida ya fundi wa mabomba haandiki "ndoto kubwa". Anaandika 6G.

Tukafuta. Tukaandika: fundi wa kuchomelea mabomba, 6G, kwa TIG na kwa fimbo, mabomba ya chuma ya viwandani, Tanga. Tuliyaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa kampuni za kazi hizo zinatafuta kwa Kiingereza. Nakipenda Kiswahili na ndicho kinachonilisha, lakini maneno ya kutafutwa uyaandike kwa lugha ya anayekutafuta. Wateja wako wakiwa wenye maduka ya Barabara ya 8, waandikie Kiswahili bila wasiwasi. Mimi kazi yangu ni lugha zote mbili, kwa hiyo nimeandika zote mbili.

Sehemu ya maelezo ni ndefu, herufi 2,600, na haina haja ya kujazwa. Cha kujua ni kwamba mistari michache tu ya juu ndiyo inayoonekana. Mingine imejificha mpaka mtu abonyeze. Yangu zamani ilianza na nilipozaliwa na shule nilizosoma, kama barua ya maombi ya kazi. Nadhani ndiko tulikozoea: tumefundishwa kuandika barua ya kuomba, kwa hiyo kila tukiandika habari zetu tunaandika kama waombaji. Mteja hajaja kusikiliza maombi. Ana nyaraka mezani zinazotakiwa Ijumaa, anataka kujua kama umewahi kushika kitu kama kile. Sasa yangu inaanza hivi: "Nafasiri maelekezo ya usalama, mikataba na fomu za utafiti, ili msomaji wa Kiswahili afanye kile kile ambacho msomaji wa Kiingereza angefanya." Shule nimezipeleka chini, mahali pake.

Sasa baiskeli yenyewe, yaani kazi inayoonekana. Hapa wengi hukwama kwa sababu ya kweli: kazi za wateja ni siri. Mimi siwezi kumwonyesha mtu mkataba wa mtu mwingine, na ninamwomba kila mfasiri chipukizi asifanye hivyo hata akiwa amefuta majina. Nilichofanya ni kukaa siku mbili nikaandika mwenyewe maelekezo ya kushughulikia mafuta ya dizeli karakanani, ukurasa mmoja kwa Kiingereza, kisha nikaufasiri, nikaziweka kurasa mbili bega kwa bega juu kabisa ya profaili. Hakuna kitu kilichoniletea kazi kuliko ukurasa ule. Mteja wa kwanza aliyenipata hivyo hakuniuliza nimesoma wapi. Aliuliza, "Hili neno umelifasiri hivi kwa nini?" Tukazungumza kama watu wa kazi, na mwisho wa mazungumzo akanitumia nyaraka.

Mhasibu anaweza kutengeneza hesabu za duka la mfano. Mama anayesuka mikoba ya mkonge hana hata haja ya mfano, apige picha mkono ukiwa kazini na mkoba uliokwisha. Kijana wangu tumekubaliana apige picha mishono yake kwa karibu, akipata ruhusa ya mwenye karakana. Vyeti aonyeshe, lakini afunike namba zake, na namba ya kitambulisho cha taifa isionekane kabisa.

Kuna jambo linalotutia haya zaidi ya yote, nalo ni kuomba watu watuandikie ushuhuda. Nilikaa miaka bila hata mmoja, si kwamba kazi zangu zilikuwa mbaya, bali niliona ni kama kuombaomba. Sasa naomba, na ninaomba kwa adabu na kwa jambo mahususi. Kwa mteja wangu mmoja mzee niliandika hivi: "Shikamoo mzee. Mwezi wa tatu nilikufasiria fomu za wakulima, na ulinieleza kuwa safari hii wahojaji hawakupiga simu kuuliza maana ya maswali. Je, ungeweza kuyaandika maneno hayo hayo kwenye ukurasa wangu? Sentensi mbili zinatosha." Aliandika siku ile ile. Ukimwambia mtu "niandikie chochote", anashindwa pa kuanzia, halafu anasahau. Ukimkumbusha jambo alilolisema kwa kinywa chake, unampunguzia kazi. Na kwa msimamizi wako wa zamani au mwalimu wako wa ufundi, hiyo ni heshima pia: unamwambia kwamba neno lake lina uzito.

Picha iwe ya uso, mchana, kivulini, ukutani pasipo na vitu vingi. Simu ya kawaida inatosha. Ile ya harusini iliyokatwa huku bega la mtu limebaki, tuiache kwenye albamu.

Mahali, andika ulipo. Tanga ni Tanga. Bandari iko hapa, viwanda viko hapa, Horohoro mpakani si mbali, na anayetaka mtu wa hapa anataka asiyehitaji kulipiwa nauli wala nyumba ya wageni. Kama uko tayari kusafiri, sema hivyo kwenye maelezo.

Usikimbilie kulipia huduma ya mwezi ya LinkedIn kabla hujayafanya haya. Kulipia watu waone ukurasa usiosema kitu ni kutupa fedha, na fedha zenyewe ni za taabu. Na profaili ikianza kuonekana, wataanza kuja pia wasio wema. Atakayekuambia kazi ya bomba au ya bandari ipo ila utume kwanza hela ya fomu, ya vipimo vya afya au ya "kumshukuru bosi", huyo ni mwizi. Mzuie bila mjadala. Nimeona vijana wa hapa wakiuza simu kulipa hela za namna hiyo, na inaniuma sana, kwa sababu wanaoibiwa ndio wale wale wenye juhudi ya kutafuta.

Mtoto wa kaka yangu aliondoka saa moja usiku, cheti akakichukua kutoka kwangu kikiwa kimeshapigwa picha. Jumatatu alinitumia ujumbe kuuliza kama msimamizi wake wa zamani, mtu mzima aliyekwisha kustaafu, aombwe ushuhuda kwa simu au kwa maandishi. Nimemwambia aende mwenyewe nyumbani kwake, amsalimie kwanza, na aende na simu yenye chaji, maana huenda yule mzee akasema na kijana akaandika.