Tabora ya Wajerumani

Mimi nimezaliwa Tabora, na marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Naanza na hilo ili ujue mapema kwamba aibu yangu haina utetezi. Tabora ndipo treni ya Reli ya Kati inayotoka Dar es Salaam inapokatwa vipande viwili, mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule. Utotoni burudani yetu ilikuwa kukaa stesheni na kumvizia abiria aliyeshuka kununua asali, akarudi mbio na kudandia behewa lisilo lake. "Huyo wa Mwanza anakwenda kula migebuka ya Kigoma!" Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kumbe kicheko kile kilikuwa deni.

Mwezi wa kumi mwaka 2022, shemeji yangu anayeishi Utrecht alitualika mimi na mke wangu. Nauli ya ndege ilivyonitoka, nikaapa kwamba siwezi kwenda mbali hivyo nikaishia Uholanzi. Nikakaa na ramani. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nikikaa na ramani sijui kunyanyuka. Nikapanga miji saba kwa siku tisa, yote kwa treni: Amsterdam, Brussels, Paris, Cologne, Vienna, Venice na Roma. Tukanunua pasi za Eurail, zile wanazouziwa watu wasioishi Ulaya, kila mtu na ya kwake kwenye simu yake. Ratiba nikaichapa kwa rangi nne.

Mama Salma aliisoma yote, akauliza swali moja tu.

"Katika siku hizi tisa, ni wapi tunakaa chini?"

Nikamwambia kwenye treni kuna viti.

Shemeji naye alipoiona alicheka. "Shemeji, hii si likizo, hizi ni mbio za Mwenge. Bado kuzindua miradi tu."

Sikumjibu. Watu wanaoishi karibu na stesheni hawajui njaa ya kusafiri.

Brussels ndiyo ilikuwa onyo la kwanza. Kwenye ratiba nilikuwa nimeandika tushuke kituo cha kusini. Treni ikasimama, nje pameandikwa Bruxelles-Midi. Kamusi yangu ndogo ya Kifaransa ilisema "midi" ni saa sita mchana. Nikamwambia Mama Salma atulie, hicho ni kituo cha mchana, chetu bado. Tukatulia. Behewa likaisha watu. Mama mmoja wa usafi akaingia na mfuko wa taka, akatutazama kwa huruma, akatueleza kwa ishara kwamba kusini ndiyo hapo hapo. Neno moja, maana mbili. Paris sina la kusimulia kwa sababu tuliiona tukiwa tunakimbia.

Cologne kanisa kuu lipo pua na mdomo na stesheni, ukitoka tu mlangoni limekusimamia. Walianza kulijenga mwaka 1248 wakalimaliza 1880, na mimi nilikuwa nimelitengea dakika 50. Nilipanda ngazi zote 533 za mnara peke yangu. Mama Salma alibaki chini na mabegi, amekaa juu ya moja, anatazama watu wanaokunywa kahawa kwenye kibaraza cha jirani. Niliposhuka magoti yalikuwa yanatetemeka kama ya ndama. Hakusema kitu.

Usiku ule tukapanda treni ya kulala ya kwenda Vienna. Chumba cha vitanda sita, vitatu huku vitatu kule, daraja la pili kulala kabisa, nikajiona niko nyumbani. Nikavaa fulana na msuli, nikapanda kitanda cha juu. Kitanda cha katikati alilala mzee mmoja aliyekoroma kama mashine ya kusaga inayokata moto na kuwaka upya. Ile ya mfululizo mtu huizoea. Hii ilikuwa inanyamaza, unaanza kumwonea wasiwasi, halafu inalipuka.

Kama saa nane usiku haja ikanibana. Nikavaa ndala, nikachukua simu ya kumulikia, na kwa kuwa kulikuwa na baridi nikajitupia kanga ya Mama Salma mabegani. Choo cha behewa letu kilikuwa na mtu. Nikaenda la pili, kibovu. La tatu, nikafanikiwa. Wakati wa kurudi nikapita kwenye behewa la viti, lenye joto zuri, na viti vitatu vimekaa vitupu pamoja kama vimeniandalia. Nikamfikiria mzee wa mashine. Nikasema dakika tano tu.

Usingizini nilisikia kishindo cha chuma kugongana na chuma, kisha ukimya, kisha mtikisiko, kisha sauti za watu wa reli wakiitana nje. Sauti zile zile nilizokua nazo. Nikatabasamu. Nikaota niko Tabora, mtoto, na marehemu baba ananinunulia karanga.

Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, na dirishani palisimama mlima. Si kilima, mlima wa mawe wenye theluji kichwani. Vienna iko bondeni mwa mto Danube, nimefundisha hayo miaka ishirini. Behewa zima nilikuwa mtu wa kwanza kugundua kwamba tumepotea, na baada ya kuwatazama wenzangu wanaofunga mabegi kwa utulivu, nikagundua pia kwamba niko peke yangu.

Mkaguzi wa tiketi akaja. Akatazama tiketi, akatazama kanga, akatazama mlima. Kisha akanieleza taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba, kwamba treni hukatwa Nürnberg: kipande kimoja Vienna, kingine Innsbruck. Wajerumani ndio waliotufikishia reli Tabora mwaka 1912. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba na kwao wana Tabora yao.

Simu ikaita. Chaji asilimia tisa.

"Baba Salma, uko chooni tangu saa ngapi?"

"Mama Salma, niko Innsbruck."

"Hicho ni choo cha behewa namba ngapi?"

Nikamweleza. Kimya kikapita. Nimeoa miaka kumi na tisa, kimya hicho nakifahamu. Pasipoti yangu alikuwa nayo yeye, na viatu, na suruali, na pochi.

"Mhudumu ameleta chai na mikate," akasema hatimaye. "Yako nimekula."

"Ukifika usitoke stesheni."

"Nitatoka. Kuna mahali nakwenda kukaa chini."

Nikashuka Innsbruck na ndala zangu. Mji mzuri, sikuuona. Baridi iliniingia kwenye msuli kwa chini, bila hodi, na watu walinipisha kwa heshima kama vile ni kiongozi wa dini fulani wasiyoijua. Nilipojitazama kwenye kioo cha duka ndipo nikasoma kwa mara ya kwanza maandishi ya kanga yaliyokuwa mgongoni kwangu: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nashukuru hapakuwa na Mswahili.

Bahati, treni za mchana za Austria hazimlazimishi mwenye pasi kukata kiti mapema, nikapanda iliyofuata. Safari ya saa nne na ushee hadi Vienna. Binti mmoja akaniazima chaja bila kuuliza chochote, ila alihamisha begi lake kidogo. Kwenye kioo cha ramani cha ndani ya behewa nikaona kitu kikanikausha koo: kutoka Innsbruck kwenda Salzburg, reli hukatiza Ujerumani. Mimi niliyetengana na pasipoti nilikuwa nimeingia nchi ya watu na msuli. Nikajifunika kanga hadi kichwani mpaka tukarudi Austria.

Picha zikawa zinaingia kwenye simu. Kikombe cha kahawa kwenye sinia ya chuma, na glasi ya maji pembeni. Nusu saa, kikombe kingine. Kisha keki. Kisha mguu wa Mama Salma, umevuliwa kiatu.

Nilimkuta saa tisa kasoro, mtaa wa tatu kutoka stesheni, ameegemea kiti cha velveti kama mwenye nyumba. Akanieleza kwamba hapa unaagiza kikombe kimoja, unakaa hata saa tano, na hakuna anayekufukuza, na maji wanakuongezea wenyewe.

"Treni ya Venice?" nikauliza.

"Imeshaondoka."

"Venice inazama, Mama Salma. Kila mwaka inazama kidogo."

"Ikizama tutaiona kwenye taarifa ya habari. Kaa chini."

Nikakaa. Nikanywa kahawa, na maji, na maji tena. Baada ya muda nikamuuliza mhudumu choo kiko wapi.

Mama Salma akavaa kiatu, akachukua mkoba wake, akasimama. "Twende," akasema, "nakusindikiza."