Mboga za nyumbani sio bure, tuache kudanganyana

Wiki iliyopita jirani yangu kaniambia anataka kutupa ndoo zake zote. Ndoo kumi na mbili, udongo umo, miche ya nyanya imekauka imesimama kama vijiti. Aliona klipu kwenye simu, jamaa anasema usinunue mboga tena, kula bure ndani ya siku 30, basi akaenda kununua ndoo, udongo, mbolea, mbegu, dawa, vyote kwa siku moja. Sasa hajala hata nyanya moja na anasema eti yeye ana mkono mbaya. Imeniuma sana, maana mkono wake hauna kosa lolote, kadanganywa tu.

Siku 30 unavuna figili. Nyanya inakaa kitaluni wiki 4 mpaka 6, alafu ukishahamisha mche unasubiri tena siku 60 hadi 80 na kitu, kutegemea na aina. Hilo lingesemwa mapema watu wangejipanga.

Na hesabu yenyewe watu wanaipiga vibaya. Wanahesabu vya kununua, wakati ndoo ukishaitoboa vizuri inakaa miaka na udongo unaurutubisha kwa mboji ya maganda ya jikoni kwako mwenyewe. Gharama kubwa ni kuwepo. Ndoo ndogo kwenye jua kali inakauka ndani ya siku moja, haijui kama umechoka, haijui kama umesafiri, na mboga za matunda zinataka hilo jua masaa 6 hadi 8 kwa hiyo huwezi kuzificha kivulini ili upumzike. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namwagilia nikikumbuka, leo nagharikisha, siku tatu kavu, tena nagharikisha. Nyanya zikabeba vizuri tu, nikafurahi, ya kwanza ikaanza kuwa nyekundu nikaishika nikaigeuza, chini yake kitako kizima cheusi, kimebonyea, kigumu kama ngozi ya kiatu. Ya pili hivyo hivyo. Nikauziwa dawa ya ukungu nikapiga wiki mbili, hakuna kitu, maana ule sio ukungu kabisa. Ni madini ya chokaa (kalsiamu) hayafiki kwenye tunda, na mara nyingi hayafiki kwa sababu maji yanakuja kwa kushtukiza, kwani madini hayo yanasafiri na maji. Nilichotakiwa kufanya ni kumwagilia kwa mpangilio na kutandaza majani makavu juu ya udongo usikauke haraka. Dawa ile ilikuwa hela ya bure, na nina hakika kuna watu wengi sana wanaitumia hela hiyo hiyo leo wanavyosoma hapa.

Sawa, nakubali, kama shida yako ni kupunguza bajeti peke yake, vitunguu na karoti nunua tu. Vinakula nafasi miezi mitatu minne na wakulima wenye mashamba wanavitoa kwa wingi kuliko utakavyoweza wewe. Sibishani na hilo.

Lakini mboga za majani, hapo sikubali kabisa mtu aniambie hailipi! Mche mmoja wa spinachi unachuma majani ya nje, unauacha moyo wa katikati, baada ya siku chache umejaza tena, unaendelea hivyo wiki na wiki. Unachuma majani matano kama unahitaji matano, hakuna fungu linalolala likinyauka mpaka litupwe. Majani hayo yanapoteza vitamini C tangu yanapokatwa, sasa langu mimi linatoka kwenye ndoo linaingia sufuriani ndani ya dakika kumi. Na nyanya iliyoivia kwenye mti wake, yaani ukiivunja pale kwenye kifundo vidole vinabaki na ule unga wa kijani na harufu kali ya majani, alafu unaikata ukiwa bado umesimama hapo hapo nje. Zinazosafirishwa mbali huwa zinachumwa kabla hazijaiva sawasawa ili zisipondeke njiani, lazima iwe hivyo, siwalaumu, ila sio kitu kimoja.

Kingine, kama bustani iko ardhini karibu na ukuta wa nyumba ya zamani, angalieni rangi iliyobanduka, rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na yanabaki kwenye udongo. Hapo tumia ndoo na udongo kutoka sehemu nyingine.

Nimemwambia jirani asitupe kitu. Jumamosi nampelekea miche sita ya spinachi, na safari hii tunaanza na ndoo mbili, zile zilizo karibu na mlango anapopita kila asubuhi.